Je, ninunue mota kubwa zaidi? Jibu kuhusu injini inayochechemea na mabehewa yanayoacha reli

*"Nimejenga injini ya treni ya mvuke yenye magurudumu sita, skeli ya 1:76, njia ya milimita 16.5, kutoka kwenye seti ya bati za shaba. Mota ni ya volti 12 na giaboksi ni ya 40:1. Ikienda polepole inachechemea kila gurudumu linapozunguka, na kwenye pointi (pale njia ya reli inapogawanyika) inazimika mpaka niiguse kwa kidole. Boila nimeijaza punje za risasi kwa gundi nyeupe ya mbao, sasa injini ina gramu 240. Pamoja na uzito huo, nikiipa mabehewa kumi ya ekseli mbili kwenye mwinuko wa 1 kwa 40, magurudumu yanazunguka bure na treni haiendi. Mabehewa ni ya plastiki, nimeyajenga mwenyewe, yana gramu 30 kila moja, na mawili au matatu huacha reli kwenye kona. Nimeshauriwa nifunge mota kubwa zaidi na nijaze risasi hata kwenye matangi ya maji. Nifanye hivyo, au niitupe chasisi hii ninunue iliyotengenezwa kiwandani?"*

Usinunue mota. Jibu umelitoa mwenyewe uliposema magurudumu yanazunguka bure. Mota iliyozidiwa na mzigo husimama, ikavuma na kupata moto, na magurudumu husimama nayo. Magurudumu yakiendelea kuzunguka huku injini imebaki palepale, nguvu ipo na imezidi. Kilichokwisha ni mshiko kati ya gurudumu na reli. Mota kubwa itayazungusha bure kwa kasi zaidi, basi.

Giaboksi yako nayo haina kosa. Chukua gurudumu la milimita 18, ambalo ni la kawaida kwa injini ndogo ya skeli hiyo. Mota ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, gia ya 40:1 inalipa gurudumu mizunguko 250, na kwa skeli hiyo ni mwendo wa kama kilomita 64 kwa saa. Injini ya kupanga mabehewa haihitaji zaidi ya hapo.

Ninachokiona katika maelezo yako ni matatizo matatu ambayo umeyatibu kama tatizo moja. Kuchechemea ni ugonjwa wa fito (vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu) na magurudumu yenyewe. Kuzimika kwenye pointi ni ugonjwa wa umeme. Kushindwa mwinuko, kwa sehemu kubwa, ni ugonjwa wa mabehewa. Lipo na la nne ambalo hujaliuliza, nalo ndilo la haraka kuliko yote: hiyo gundi nyeupe ndani ya boila. Nitalifikia.

Tuanze na kuchechemea, kwa sababu hapo ndipo wajenzi wengi hupoteza majira mazima wakirekebisha kitu kisicho na kosa.

Kwanza tenga gia na fito. Fungua fito zote mbili za pembeni, uache ekseli yenye gia izunguke peke yake, kisha washa umeme mdogo kabisa. Ikiwa bado kuna mahali inapokaza mara moja kila mzunguko, kosa liko kwenye gia: ama gurudumu la gia halikukaa katikati ya ekseli, ama skrubu ya mota (ile yenye nyuzi kwenye mhimili wake, inayosukuma meno ya gia) imesogezwa karibu mno na meno. Skrubu na meno lazima viachane kidogo. Kata ukanda wa karatasi nyembamba kabisa, ile ya kusokotea sigara inafaa, uupitishe kati ya skrubu na meno, kaza mota, kisha uutoe kwa kuizungusha skrubu. Nafasi inayobaki inatosha. Ukishika gurudumu na kulitikisa, lazima usikie mcheo (ulegevu) mdogo sana. Usipousikia, umebana mno, na injini italia kama mashine ya kusaga.

Ikiwa ekseli peke yake inazunguka laini, gia imesalimika na unahamia kwenye fito. Ondoa mota au itenganishe na gia, rudisha fito, kisha sukuma chasisi kwa kidole juu ya kioo kinene au kipande cha reli iliyonyooka. Sukuma polepole sana. Usitafute kama inakwama, maana inakwama. Tafuta pini ziko wapi wakati inapokwama. Jambo hili dogo litakuambia karibu kila kitu.

Magurudumu ya upande mmoja yamepishana na ya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, kama yalivyo kwenye injini halisi ya silinda mbili. Sababu ni kwamba ufito wa upande wa kushoto ukifika mwisho kabisa wa mbele au wa nyuma, pini zikiwa zimelala usawa mmoja na ekseli, hauwezi tena kuamua gurudumu la pili ligeuke upande gani. Wakati huohuo ufito wa kulia uko juu au chini kabisa, na huko ndiko nguvu yake ilipo, kwa hiyo unalibeba gurudumu mpaka lipite. Pande mbili zinapokezana hivyo mara nne kila mzunguko.

Sasa tazama makosa yanavyojitangaza. Ufito ukiwa mrefu au mfupi kuliko umbali wa ekseli na ekseli, chasisi itakaza pini za upande huohuo zikiwa mbele kabisa au nyuma kabisa, kwa kuwa hapo urefu hauna pa kujificha. Lakini ikiwa fito ni sahihi na ekseli moja imepangwa robo isiyolingana na wenzake, hapo haitakaza kabisa. Itakaza pini za pande zote mbili zikiwa mshazari, katikati ya safari, kwa sababu ndipo pande zote mbili zinapotaka kuamua kwa pamoja na haziafikiani. Kwa hiyo kukaza miisho ni kosa la urefu au la pini iliyoinama, na kukaza mshazari ni kosa la robo. Ukilijua hili huna haja ya kupanua matundu kwa kubahatisha.

Wengi huhangaika kupata digrii 90 kamili. Digrii 90 si sharti. Ikiwa ekseli zote tatu zina 88, injini itatembea laini kama maji. Sharti ni zilingane. Na kosa dogo si dogo hapa: pini iliyo milimita 4.3 kutoka katikati ya gurudumu, ikiwa na tofauti ya digrii 2 tu kati ya ekseli na ekseli, inadai ulegevu wa kama sehemu ya ishirini ya milimita kwenye kila ufito. Ndiyo maana jicho linakuambia yamelingana huku chasisi inakwama.

Namna ya kurekebisha ni kuichukua ekseli yenye gia kuwa mwalimu na kutoigusa tena. Funga ufito kati yake na ekseli ya kati tu, pande zote mbili, urekebishe ya kati mpaka jozi hiyo izunguke bila kusita. Ndipo uongeze ya tatu. Ukifunga zote tatu kwa pamoja hutajua nani anamkosea nani. Magurudumu yenye kitovu cha plastiki hayavumilii kugeuzwa geuzwa kwenye ekseli. Kila unapoligeuza, shimo linapanuka kidogo, na mwisho litateleza lenyewe siku likipata mzigo. Ukishapata robo nzuri, weka tone dogo la gundi ya kushikilia beringi nyuma ya kitovu, uiache ikauke mpaka kesho yake.

Kama kosa ni la urefu, panua tundu la ufito kwa rima ya mkono, upande unaokaza tu, mizunguko miwili mitatu kisha jaribu. Acha tundu la ekseli yenye gia kama lilivyo. Uvivu wa kuingiza keekee kubwa zaidi na kumaliza kazi mara moja ndio unaozaa mchechemeo wa aina ya pili, ule wa fito zilizolegea, na huo hauponi isipokuwa kwa fito mpya.

Kabla hujalaumu fito, hata hivyo, hakikisha chasisi yenyewe imenyooka. Pitisha vyuma virefu vilivyonyooka, vya kipenyo cha ekseli (milimita 3.18 kwa seti nyingi za skeli hii), kwenye bushi (vishikizo vya ekseli kwenye fremu) za ekseli zote tatu, kisha pima kwa kalipa umbali kati ya chuma na chuma, ncha za kushoto na ncha za kulia. Tofauti yoyote inayosomeka kwenye kalipa ina maana ekseli hazikukaa sambamba. Bushi inaweza kulegezwa kwa pasi ya lehemu na kuwekwa upya huku chuma kikiwa ndani yake. Ni kazi ya jioni moja, inaudhi, na haina njia ya mkato.

Tuje kwenye kuzimika. Chasisi ngumu yenye magurudumu sita ina tabia ya meza yenye mguu mmoja mfupi: inasimama kwa miguu mitatu na wa nne unaelea. Gurudumu linaloelea halichukui umeme. Iweke juu ya kioo, kata ukanda wa karatasi, jaribu kuupitisha chini ya kila gurudumu. Ukipita bila kushikwa, umempata mkosaji. Ekseli ya kati ikiwa juu kidogo si neno, na wengine huiachia kwa makusudi robo ya milimita ya kupanda na kushuka. Ya mbele au ya nyuma ikielea upande mmoja, fremu imejipinda.

Halafu chomeka amita kwenye waya wa kontrola na uangalie sindano au tarakimu wakati injini inazimika. Mkondo ukishuka hadi sifuri, imekosa umeme. Ukiruka juu ghafla, ni shoti. Tiba zake hazifanani hata kidogo, na watu husafisha reli kwa wiki nzima wakati injini inapiga shoti.

Ikikosa umeme, kagua vipokea umeme vyako. Ninavyovipendelea ni vya waya wa bronzi ya fosfori wa milimita 0.3 hivi, virefu, vinavyogusa nyuma ya ukingo wa gurudumu na si pale linapokanyaga reli, maana hapo vitakusanya uchafu wote wa njia. Viwe kwenye magurudumu yote sita. Urefu ndio unaoleta ulaini: waya mfupi ama hausukumi, ama unashika breki. Sukuma gurudumu mpaka mwisho wa mcheo wake wa pembeni, kushoto kisha kulia. Waya lazima ulifuate kote bila kuachia. Ukiona gurudumu halizunguki kirahisi tangu ulipoufunga, umekunja sana.

Magurudumu yasafishwe kwa spiriti ya aisopropili na kijiti cha pamba. Msasa uuache. Mikwaruzo yake ni vibanda vya uchafu mpya, na kila safari utakuwa na kazi mbili.

Ikiwa ni shoti, pima umbali kati ya migongo ya magurudumu ya ekseli moja. Kwa njia ya milimita 16.5 unatakiwa upate milimita 14.4 hadi 14.5. Ukiwa chini ya hapo, migongo ya magurudumu inagusa ulimi wa pointi (kipande cha reli kinachosogea) ulio wazi. Ndimi mbili zikiwa zimeunganishwa kwa umeme, shoti inapigwa kila upitapo. Umbali huohuo ukiwa mdogo pia hufanya magurudumu yapande ncha za pointi, kwa hiyo pima mabehewa yako yote siku hiyohiyo. Wakosaji wengine wa shoti ni fito za breki zinazogusa ukingo wa gurudumu na ngazi za chumba cha dereva kwenye kona kali. Zizime taa za chumba, endesha polepole, utaona cheche zenyewe zinakuonyesha mahali.

Ukifikiria kufunga dikoda ya mfumo wa kidijitali (kifaa kidogo ndani ya injini kinachopokea amri za mwendo), subiri. Hakikisha kwanza kwa multimita kwamba hakuna mguso wowote kati ya miguu miwili ya mota na fremu. Dikoda haitibu chasisi mbaya, na shoti ndogo iliyovumiliwa na kontrola ya kawaida inaiua dikoda mara moja.

Sasa mwinuko, ambako hesabu inafurahisha kidogo. Magurudumu ya chuma juu ya reli kavu hushika kwa kadiri ya sehemu ya tano ya uzito ulio juu yake. Injini yako ina gramu 240, basi inaweza kuvuta kwa nguvu ya kama gramu 48 kabla haijateleza. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 40, kujibeba yenyewe kunaila gramu 6. Mabehewa kumi ya gramu 30 yanakula 7.5 kwa sababu ya mwinuko peke yake. Zimebaki zaidi ya gramu 34, na bado imeshindwa. Basi kila behewa linakwamisha kwa zaidi ya gramu 3.4, yaani zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake. Hilo ni behewa linaloburuzwa.

Lithibitishe. Chukua ubao laini wa mita 1, weka reli juu yake, inua ncha moja sentimita 2. Behewa zuri lenye ekseli za ncha kali litashuka lenyewe, au baada ya kuguswa kidogo. La kwako nadhani litasubiri mpaka ufike sentimita 11 au 12. Pima yote kumi, andika chini ya kila moja kwa penseli lilianza kwenda ubao ukiwa umeinuliwa sentimita ngapi. Usishangae ukikuta mawili yanakula nguvu kuliko manane.

Sababu huwa ni mojawapo ya hizi. Rangi au gundi imeingia ndani ya beringi. Kuta za pembeni zimebana, ekseli haina mcheo wowote wa pembeni. Inahitaji kama milimita 0.2 hadi 0.3. Au shimo la plastiki limelika na ncha ya ekseli haikai tena katikati. Dawa ya hili la mwisho ni vikombe vya shaba: toboa tundu la milimita 2 kwa mkono, taratibu, kina kidogo kidogo, ingiza kikombe kila upande, na ekseli ya milimita 26 kutoka ncha hadi ncha. Zungusha gurudumu kwa pumzi. Likiendelea kuzunguka sekunde kadhaa na kusimama taratibu bila kukata ghafla, umefika.

Kuacha reli kwenye kona kuna sababu mbili kwako. Ya kwanza ni uzito. Kwa skeli hii mazoea ya wajenzi ni gramu 25 kwa kila ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli mbili liwe na gramu 50. NMRA, jumuiya ya wajenzi wa treni za modeli ya Marekani, kwa skeli ya HO (1:87), inapendekeza zaidi ya hapo: gramu 28 za kuanzia, kisha kama gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu wa behewa. Mimi ningebaki na gramu 50 kwa sababu injini yako ni ndogo. Lililo kubwa kuliko tarakimu yenyewe ni kwamba yote yafanane. Behewa jepesi likiwekwa mbele ya mazito huvutwa kuelekea ndani ya kona, na linaanguka hata likiwa halina kosa jingine.

Sababu ya pili ni ileile ya injini: magurudumu manne yasiyokanyaga yote. Weka behewa kwenye kioo, bonyeza kila pembe kwa ncha ya penseli. Likibonyea na kunyanyuka, ama legeza gundi ya ubavu mmoja na uliache likauke likiwa limesimama juu ya kioo kwa magurudumu yake, ama ifanye ekseli moja icheze juu ya waya uliolazwa katikati kwa urefu wa behewa, huku ya pili ikibaki imara. Njia ya waya ni kazi zaidi, lakini behewa linalocheza hivyo linavumilia njia mbovu kwa namna ambayo behewa gumu haliwezi.

Tuseme umeyarekebisha. Mabehewa kumi ya gramu 50, kila moja likikwamisha gramu 1: hiyo ni 10. Mwinuko unachukua 12.5. Injini inajibeba kwa 6. Jumla 28.5. Umeongeza gramu 200 kwenye treni na kazi imepungua kutoka zaidi ya gramu 48, na bado una akiba ya mabehewa manane. Risasi ya kwenye matangi haikuhitajika.

Uzito wa mabehewa uweke chini, juu ya sakafu, kamwe si karibu na paa. Nati za chuma zinatosha. Kama behewa limefungwa pande zote, toboa tundu dogo sakafuni kabla ya kubandika paa. Gundi ya maji ya plastiki huacha mvuke ndani, mvuke ukikosa pa kutokea hulainisha kuta, na baada ya miezi utaziona zimebonyea.

Na sasa ile gundi nyeupe. Risasi na gundi ya mbao havikai pamoja. Gundi hiyo hutoa asidi kidogo inayofanana na ya siki. Asidi, unyevu na hewa huigeuza risasi kuwa unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Ndani ya boila iliyozibwa hakuna nafasi. Huanza polepole, halafu mshono wa boila unafunguka au bati linavimba, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya injini kupakwa rangi na kusahauliwa. Wajenzi wengi wamepoteza injini nzuri namna hii, na hakuna rangi itakayoizuia.

Itoe sasa, kabla hujapaka chochote. Vaa glavu, loweka boila kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, gundi italainika na punje zitachokolewa kwa kijiti cha mbao. Fanya kazi ikiwa mbichi. Usikwangue unga mkavu wala usiupulize, kwa sababu ndio unaoingia mapafuni. Maji hayo na punje hizo visimwagwe kwenye sinki wala bustanini. Vifunge kwenye chombo na uvipeleke panapopokelewa taka za sumu. Kwenye meza ya kazi pasiwe na chakula, na watoto na mama mjamzito wasiwe karibu. Badala yake jaza punje mpya kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, au, ukiweza kuzipata, punje za tangsteni, ambazo zina gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi. Hapo uzito uleule utaingia kwenye nafasi ndogo zaidi na utaweza kuuweka katikati ya magurudumu badala ya kuuacha uelemee mbele. Pima kwa kuisimamisha injini juu ya penseli iliyolazwa chini ya ekseli ya kati. Ikilala upande, hamisha uzito.

Kwa kuwa boila itakuwa wazi, osha pia mabaki ya flaksi ya asidi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) yaliyobaki kwenye viungo vya lehemu: brashi ya zamani ya meno, maji ya moto, sabuni, kisha maji safi. Madoa ya kijani yanayotokea wiki moja baadaye ni flaksi hiyo, nayo huinua rangi kutoka chini. Na flaksi ya asidi isitumike kwenye nyaya za mota hata kidogo. Huko tumia lehemu yenye ulimbo.

Kuhusu kununua chasisi ya kiwandani: ni njia halali, nami nisingemdharau anayeichukua. Itakupa mwendo mzuri siku hiyohiyo. Ila umbali wa ekseli zake lazima ulingane na wa injini yako, na hata ukilingana, mara nyingi utalazimika kukata sakafu ya bodi na kuishusha au kuipandisha boila, na sura ya injini uliyoijenga ikaharibika hapo. Kama fremu yako imejipinda kiasi kwamba vyuma vya kupimia havisomi sambamba hata baada ya kuhamisha bushi mara mbili, mimi ningechagua njia ya kati: seti mpya ya fremu na fito, ukabaki na magurudumu, mota na giaboksi ulivyonavyo. Tena mara hii usifungue mota kutoka kwenye kifurushi mpaka chasisi iteremke yenyewe kwenye ubao wa sentimita 5 kwa mita, fito zikiwa zimefungwa.

Yapo mambo ya kupelekea mtu mwingine. Magurudumu yanayotikisika kwenye ekseli, au robo isiyokubali baada ya kujaribu mara tatu nne, mtafute mwenye kibanio cha kupangia robo. Vilabu vya treni za modeli huwa nacho, na kazi inachukua dakika chache. Ekseli iliyopinda inyooshwe au ibadilishwe na mwenye mashine ya kukerezea, maana koleo itaizidishia. Kontrola inayotoa harufu, joto kali au mlio usiifungue kama inachomekwa kwenye umeme wa ukutani, mpelekee fundi wa umeme. Ukipata kichwa kuuma au kizunguzungu kila unapolehemu au kutumia gundi za plastiki, hewa ya chumba haitoshi; acha kazi mpaka upate dirisha na feni, na hali ikiendelea muone daktari umwambie ulichokuwa unakitumia, ikiwamo risasi.

Mpangilio wa kazi uwe huu: boila kwanza, mabehewa pili, chasisi tatu, vipokea umeme mwisho. Mabehewa yanatangulia chasisi kwa sababu yatakupa matokeo ya haraka, na utakuwa umeuzoesha mkono kazi ya nafasi ndogo kabla hujaugusa ufito.